Kipima mshiko wa mkono: miezi minne kwenye meza za minofu, Mwanza

Mama wa meza ya tatu alishindwa kufungua chupa ya maji. Chupa ya nusu lita, kizibo cha kawaida kabisa. Alijaribu kwa mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, mwisho akaninyooshea bila kuniangalia usoni. Nikamfungulia, akanywa, akarudi kwenye kisu chake. Hakusema neno na mimi sikumuuliza, kwa sababu kwenye kazi ya kulipwa kwa kilo mtu akisema mkono unauma anajua kesho getini jina lake linaweza lisiitwe. Jioni ile, ndani ya daladala ya kurudi Mabatini, niliamua kutafuta ile mashine ya kubana niliyowahi kupimiwa hospitalini.

Nijitambulishe kidogo ili maoni yangu yaeleweke yanatoka wapi. Nimekata minofu ya sangara miaka tisa katika kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza, kisha nikawa msimamizi wa zamu. Wenzangu wamenichagua niwe mwakilishi wao wa usalama na afya. Sina cheti cha udaktari. Nina kiwiko cha kulia ambacho tangu 2019 hakitaki nibebe hata birika la chai mkono ukiwa umenyooka, na ndicho kilichonipeleka kwa watu wa mazoezi tiba. Wao walikuwa na kipima mshiko cha majimaji kinachoitwa Jamar, chenye saa ya mshale inayosoma mpaka kilo 90 na mshikio unaosogezwa kwenye nafasi tano. Ni kifaa kizuri sana, lakini bei yake ingemeza mishahara yangu kadhaa.

Nilichonunua mimi ni cha betri. Mwili wa plastiki ngumu, mshikio wa chuma wenye kirungu cha kuzungusha ili usogee karibu au mbali kulingana na ukubwa wa kiganja, na kioo kidogo kinachoandika kilo. Ndani kuna kipande cha chuma kinachopinda kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho, na kule kupinda kunabadilisha umeme unaopita, ndipo namba inatokea. Nilikipata duka la vifaa tiba mjini kati kwa shilingi 95,000. Muuzaji alianzia 120,000. Jina la kampuni silitaji. Palepale dukani niliona vitatu vya umbo lilelile vyenye majina matatu tofauti.

Cha kwanza nilichopewa nilikirudisha kesho yake, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri kabla hajatoa pesa yake. Nilipofika nyumbani nilijaza maji ndoo ya lita 20, nikamwomba jirani yangu muuza dagaa anipimie kwenye mizani yake: kilo 20.8 pamoja na ndoo. Nikakifunga kifaa kwa kamba kwenye kenchi ya banda, nikapitisha mkanda wa begi katikati ya mshikio, nikaiachia ndoo ining'inie taratibu. Kikasoma 17.3. Nikaishusha ndoo, nikaining'iniza tena: 19.0. Mara ya tatu 16.8. Kifaa kinachokosea kwa kiasi kilekile kila siku unaweza kukaa nacho, unaongeza ile tofauti basi. Kinachoyumba namna hii hakikufai, kwa sababu hutajua kama mkono wa mtu umechoka au kifaa ndicho kimechoka.

Muuzaji alibisha mwanzoni. Alisema mkono wa mwanamke haubani sawasawa. Nikamwambia, "Kaka yangu, hapa hakuna mkono wa mwanamke, ni ndoo ya maji." Akatoa kingine. Hicho nilikipima palepale dukani kwa mtungi wao wa maji ya kunywa, kisha nyumbani kwa ndoo yangu: 20.2, 20.4, 20.3. Pungufu nusu kilo, na pungufu ileile kila mara. Tangu siku hiyo kila mwanzo wa mwezi nakining'inizia ndoo, na mpaka sasa hakijaniangusha.

Namna ya kupima ni muhimu kuliko kifaa chenyewe. Wiki ya kwanza niliwaacha watu wabane vyovyote, mwingine kasimama, mwingine kanyoosha mkono, mwingine kajikunja mzima kama anakamua nguo. Namba zikawa vurugu tupu. Hospitalini walikuwa wamenielekeza, nikarudi kwenye utaratibu wao: mtu akae kwenye kiti, miguu chini, mkono wa juu ulale ubavuni bila kubanwa, kiwiko kikunjwe nyuzi 90, kiganja kitazame ndani kama unayetaka kumpa mtu mkono. Abane kwa nguvu zake zote sekunde tatu hivi, apumzike, arudie mpaka mara tatu, uchukue wastani. Mshikio usiubadilishe ukishaupata unaomfaa. Andika nafasi yake daftarini. Mtu mmoja, mikono yote miwili, dakika tano.

Mshiko kwetu ni pesa pia, kila mtu anajua. Nilipowaambia wenzangu nataka kupima mshiko wao walidhani nimetumwa na ofisi kukata malipo. Na kwa kibarua wa kilo mambo hayo mawili hayako mbalimbali: kiganja kikilegea, kilo zinapungua, na bahasha ya Jumamosi inapungua. Kwa hiyo niliwaahidi kwamba daftari litakaa kwangu nyumbani, halitakuwa na majina, namba za meza tu, na anayetaka ukurasa wake uchanwe nitauchana mbele yake. Tisa wakakubali. Hata hapo dada mmoja alibana 14, kisha 23, kisha 17, na niliona wazi anajizuia. Sikumlazimisha. Alikuja mwenyewe baada ya wiki mbili akasema, "Dada, nipime sasa, nilikuwa naogopa." Hakuna mashine inayoweza kuusoma mkono wa mtu mwenye hofu, na hilo mtengenezaji hawezi kukuandikia kwenye boksi.

Tulipima saa 12:20 asubuhi kabla ya kuvaa magamboti, na tena zamu ikiisha. Mama wa meza ya tatu, asubuhi ya kwanza: kulia 29, kushoto 26. Ni kawaida kwa anayetumia kulia kuwa na nguvu zaidi upande huo, karibu sehemu moja ya kumi. Jioni: kulia 25, kushoto 18.

Nilirudia nikidhani nimeandika vibaya. Kushoto, 18. Siku ya pili 19. Kati ya wale tisa, saba walikuwa hivyohivyo: mkono usioshika kisu ndio uliokuwa umeporomoka zaidi.

Miaka yote hiyo mimi mwenyewe nilikuwa naangalia mkono wa kisu. Mtu akilalamika tunamuuliza, wa kulia? Ndio unaoonekana unakwenda na kurudi. Basi kesho yake nilisimama kando ya meza ya tatu nikaangalia mkono wa kushoto peke yake, samaki baada ya samaki. Sangara anatoka kwenye barafu, ana ute, anateleza. Kidole gumba kinaingia kwenye shavu la samaki kama ndoana, vidole vinne vinakandamiza tumbo, juu ya hapo kuna glavu ya waya ili kisu kisimkate, na kifundo kimekunjwa kuelekea ndani kwa sababu meza iko chini kidogo kwa urefu wake. Kisu kinaingia nyuma ya shavu, kinashuka mpaka uti wa mgongo, kinaelekea mkiani. Muda wote huo mkono wa kushoto haulegei. Kisu kikifika mkiani mkono wa kulia unapumzika kidogo, unainuka. Wa kushoto unamgeuza samaki na kumkandamiza tena. Mapanki, yaani mifupa na kichwa vinavyobaki minofu ikitoka, yanasukumwa pembeni, samaki mwingine anavutwa, na kidole gumba kinarudi kwenye baridi.

Baridi nayo inafanya kazi yake. Kiganja kikipoa sana hakihisi vizuri, na kisipohisi kinabana kuliko inavyohitajika. Glavu kubwa inafanya vilevile. Akina mama wetu wengi walikuwa wanapewa glavu za saizi ya wanaume, mikunjo ya mpira inajaa kiganjani, halafu mtu anabana mpira kabla hajambana samaki. Kifaa kilinionyesha hilo kwa dakika moja: nilimpima mama yuleyule mkono mtupu, kisha akiwa ndani ya glavu yake ya kazini. Kilo tano zilipotea kabla hajagusa samaki.

Upande wa kiwiko, kifaa kimenisaidia zaidi ya nilivyotarajia. Wengi wetu maumivu yako upande wa nje wa kiwiko, pale ambapo kano za misuli inayoinua kifundo zimejishikiza. Ukishika kitu kwa nguvu, misuli hiyo lazima ikaze ili kifundo kisikunjike, ndiyo maana kufinya kitambaa au kuinua sufuria kunauma hapo juu kwenye kiwiko wala hakuumi kiganjani. Kuna kipimo chepesi: mtu abane kiwiko kikiwa kimekunjwa, kisha abane mkono ukiwa umenyooshwa, na aache pale maumivu yanapoanza tu. Mwenye shida hiyo mshiko wake unashuka sana mkono ukinyooka. Mimi nilisoma 27 nikiwa nimekunja, 17 nikiwa nimenyoosha. Kijana mmoja wa kusafisha minofu, hana hata miaka 25, alisoma 44 na 29. Nilimwambia aende hospitali wiki hiyohiyo. Hiki kifaa hakitoi ugonjwa jina, na kama mtu anataka kufuata haki yake Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi atahitaji daktari. Daftari langu ni la kumsukuma mtu aende mapema. Na anayepata ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati, hasa usiku, huyo ana jambo la mshipa wa fahamu kwenye kifundo. Asingoje namba ya mashine.

Sasa upungufu wake, na huu ndio mkubwa. Kifaa kinakuambia mkono umebakiwa na nini. Hakikuambii kazi imechukua nini, wala kwa njia gani. Ningebaki na namba 18 nikiitazama tu. Kilichoniokoa ni karatasi, tena ya bure. Mwanafunzi mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alinionyesha hesabu waliyoitoa J. Steven Moore na Arun Garg huko Marekani mwaka 1995. Walianza kuijaribu kwenye kazi za kiwanda cha nyama ya nguruwe, visu na baridi kama sisi. Tukaiandika kwa Kiswahili kwenye karatasi ya manila. Unaangalia mambo sita: nguvu inayotumika ni nzito kiasi gani, mkono unatumia nguvu kwa sehemu gani ya muda, mara ngapi kwa dakika, kifundo kimekaaje, mwendo wa kazi, na saa za kazi hiyo kwa siku. Kila jambo lina namba yake kwenye jedwali, unazizidisha zote. Jibu likiwa 3 au chini kazi hiyo huenda ni salama. Likifika 7 kwenda juu, kuna hatari.

Nilimrekodi mama kwa simu dakika kumi, kwa ruhusa yake, mikono tu. Mkono wa kisu: nguvu aliniambia ni 3 kwenye kipimo cha 0 hadi 10, hiyo kwenye jedwali inatoa 3. Muda wa nguvu ulikuwa karibu sekunde 36 kwenye kila dakika, inatoa 2. Mikato 24 kwa dakika, inatoa 3. Kifundo cha wastani, 1.5. Mwendo wa kawaida, 1. Saa saba, 1. Zidisha: 27. Mkono wa kushoto ulitoa 20.25, na humo kilichopandisha hesabu ni ule muda, kwa sababu haulegei. Nilirudia hesabu mara tatu kwenye kikokotoo cha simu nikiwa jikoni kwangu. Halafu nikakumbuka kwamba samaki wakiwa wengi tunapiga kazi kwa muda wa saa kumi, na kazi ikifika muda wa saa nane au zaidi kwa siku namba ya mwisho inakuwa 1.5. Basi 27 inakuwa 40.5. Na wakija samaki wadogo, wa sentimita hamsini na kitu, mikato kwa kila kilo inaongezeka na malipo ya kilo yako palepale.

Tulianza na visu. Vilikuwa vinanolewa asubuhi tu, na kufikia saa nne ni butu, unaona mtu anavuta badala ya kukata. Kisu butu kinamkokota samaki, kwa hiyo mkono wa kushoto nao unalazimika kumzuia kwa nguvu zaidi. Kosa la kisu linalipwa na mikono miwili. Niliomba kisu cha pili kwa kila mtu, kilichonolewa, kibadilishwe wakati wa chai. Ofisi ilikubali, kwa sababu minofu inatoka safi pia. Glavu ndogo zikapatikana. Nikarekodi tena baada ya wiki tatu. Mkono wa kisu: nguvu 2, ambayo kwenye jedwali ni 1; muda 2; mikato 16 kwa dakika, inatoa 2; kifundo 1.5, mwendo na saa vilevile. Jibu 6. Wa kushoto ukashuka mpaka 6.75, bado uko mlangoni pa hatari. Ule ungeshuka tena kama watu wangebadilishana meza kila baada ya saa mbili, tatu, lakini hilo ofisi imekataa, wanasema linavuruga hesabu za kilo za kila mtu. Nimeliandika kwa barua, na nitaliandika tena. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 haiwalindi tu waliokatwa vidole.

Kasoro ndogondogo za kifaa. Hakipendi maji hata kidogo. Nakiweka kwenye mfuko wa nailoni na nakitoa chumba cha kubadilishia nguo tu, kamwe si kwenye meza. Mshikio ni wa chuma kitupu, kwa mwenye mkono wa baridi unauma, na maumivu yanapunguza namba, kwa hiyo tunasubiri viganja vipate joto dakika kumi. Kinahifadhi watu wachache, nami nimeacha kabisa kumbukumbu yake, nategemea daftari. Kisha kuna ile tabia yake ya kuomba umri na jinsia halafu kinakuandikia wewe ni dhaifu, wa kawaida au imara. Zimeni hiyo, au zibeni kioo kwa kidole. Viwango hivyo vimetengenezwa kwa watu wa kwingine, na mama aliyekata samaki tangu asubuhi hahitaji kuambiwa na mashine kwamba yeye ni dhaifu. Mlinganishe mtu na asubuhi yake mwenyewe. Hapo ndipo namba ina maana.

Nani anunue? Wawakilishi wa usalama, wasimamizi wa zamu wanaojali, vikundi vya mafundi cherehani, wasuka nywele, wanaokanda unga, hata vijana wanaovuta nyavu alfajiri: mkichangishana ni pesa ndogo. Mtu mmoja mwenye maumivu asinunue. Hiyo 95,000 apeleke hospitali. Nakipa nyota tatu kati ya tano kikiwa peke yake. Kikiwa pamoja na ile karatasi na simu yenye kamera, nyota nne na nusu, na hiyo nusu iliyobaki ni kwa sababu ya duka lililonipa kibovu kwanza.

Mama wa meza ya tatu tunampima kila Jumatatu na Ijumaa. Ijumaa iliyopita jioni, kushoto kulisoma 23. Chupa yake siku hizi anafungua mwenyewe, lakini nimemwona bado anaikunjia kwenye kanga kwanza ili isiteleze, kwa hiyo daftari halijafungwa.